Darasa Lililosoma kwa Sauti Moja: Kisa cha Mratibu Elimu Kata Mkoani Lindi

Mazingira ya kisa

Kisa hiki ni cha mwaka 2023, katika kata moja ya ndani mkoani Lindi, mbali kidogo na barabara ya lami inayotoka Mingoyo kwenda Masasi. Majina ya kata, shule na watu nimeyaondoa, na vitu vichache nimevibadilisha ili asitambulike mtu.

Nilikuwa Afisa Elimu Kata. Walimu bado wanatuita waratibu, kwa jina la zamani la Mratibu Elimu Kata, nami nalipenda jina hilo kwa sababu linataja kazi yenyewe. Mratibu hana darasa lake. Wala si mthibiti ubora wa shule, anayekuja na timu, akaandika taarifa na kuondoka. Yeye anakaa katikati ya walimu na halmashauri, na kila wiki yumo shuleni. Nilikuwa na shule nne za msingi, pikipiki iliyobaki tangu mradi wa elimu wa EQUIP-T uliopita mkoani kwetu, na kishikwambi kimoja kati ya vile vilivyogawiwa baada ya Sensa ya 2022.

Watu wa kata ile wengi ni Wamwera. Mtoto anaanza shule akiwa amekulia kwenye Kimwera, na Kiswahili anakisikia zaidi redioni, dukani na kwa vijana waliotoka mjini. Mazao ni korosho, ufuta, mbaazi na muhogo. Ufuta unavunwa kuanzia Mei, korosho zinaokotwa kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Desemba, na katika miezi hiyo familia nyingi huhamia mashambani na kulala kwenye vibanda mpaka kazi iishe.

Shule ya kisa hiki, moja ya zile nne, ilikuwa na walimu saba kuanzia Awali hadi Darasa la Saba. Darasa la Pili lilikuwa na watoto 92 kwenye chumba kimoja, wakati mwongozo unataka watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Mwalimu wao alikuwa mama aliyefundisha zaidi ya miaka 30, amebakiza miaka miwili kustaafu. Andalio lake la somo lilikuwa safi kuliko la mwalimu yeyote katani.

Ziara ya Februari na mvua ya Machi

Februari nilikaa nyuma ya darasa lile kwa kipindi kizima cha dakika 30. Mwalimu aliandika silabi ubaoni, akashika fimbo ya kuonyeshea, darasa zima likaitikia: ba, be, bi, bo, bu. Akaja kwenye maneno: baba, bibi, babu. Kisha kitabu, kimoja kwa watoto watatu au wanne. Sauti zilijaa mpaka kwenye bati. Nikajaza fomu: andalio lipo, zana zipo, ushiriki wa wanafunzi mzuri sana. Nikasaini kitabu cha wageni, nikaenda zangu.

Machi nilirudi kwa shughuli nyingine na mvua ikanizuia. Nilikaa barazani na mtoto mmoja wa darasa lile, mvulana wa miaka minane hivi, aliyekuwa na kitabu magotini. Nikamwomba anisomee. Alisoma ukurasa mzima bila kusita, kidole kikitembea chini ya mistari. Nilikuwa karibu kumsifu, ndipo nikaona kidole kimefika mwisho wa mstari wa tatu na mdomo bado uko wa pili. Nikaweka kiganja juu ya picha. Akanyamaza kimya kabisa, akawa anautazama mkono wangu.

Nikachukua kijiti, nikaandika kwenye udongo uliolowa neno lililokuwamo kwenye ukurasa ule ule: maji. Alilitazama, akanitazama usoni, akasema, "Mama." Nikafuta, nikaandika "ma" peke yake. Akasema "ma" bila wasiwasi. Nikaandika "ji". Hakuijua.

Ukurasa ule aliukariri kwa kuusikia ukiimbwa kila siku. Silabi moja aliijua kwa haki, na juu yake akajenga neno zima kwa kukisia. Nilipoondoka pale nilikuwa nafikiria fomu yangu ya Februari, na wale wote niliowaandikia "mzuri sana."

Wiki iliyofuata niliwasikiliza wote 92, mmoja mmoja, kwa ngazi za kawaida za kupima usomaji: herufi, silabi, neno, kisha aya na hadithi. Watoto 31 hawakuwa na uhakika hata wa herufi. Watoto 38 walisoma silabi tu. Kumi na watano walisoma maneno. Wanane ndio waliosoma aya fupi wakaelewa.

Maamuzi mawili yaliyoharibu

Uamuzi wa kwanza niliufanya jioni ile ile nilipomaliza kuwasikiliza: nilituma takwimu hizo halmashauri kabla sijakaa na mwalimu wala mwalimu mkuu. Nilikuwa na sababu, na wakati ule niliziona nzito. Upimaji wa Darasa la Pili ungekuja mwishoni mwa mwaka, na niliogopa kuulizwa kwa nini nilijua nikanyamaza. Pia niliamini kwa moyo wangu wote kwamba takwimu zitaleta mwalimu wa pili.

Hakuja mwalimu. Ilikuja simu. Mwalimu mkuu aliitwa, na mwalimu wa darasa akatakiwa kuandika barua ya kujieleza, mama wa miaka 30 kazini, kwa jambo ambalo hakuwa ameambiwa na mtu.

Uamuzi wa pili ulikuwa mafunzo. Utaratibu wa MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, unataka walimu wakutane kwenye Jumuiya za Kujifunza pale pale shuleni, wajadili ugumu wanaoupata na wasaidiane. Mimi niligeuza kikao kile kuwa semina. Nilisimama mbele kwa saa mbili nikawaeleza ubaya wa kuitikisha, uzuri wa makundi, kadi za silabi, kazi ya wawili wawili. Waliandika kila nilichosema. Hakuna aliyeuliza swali, nami nikadhani wameelewa.

Kwa wiki tatu baadaye, kila nilipofika, Darasa la Pili lilikuwa limekaa kwa makundi na kadi ziko mezani. Nilifurahi mpaka siku niliyomuuliza binti mmoja kundi lao linafanya nini. Alinijibu bila hila yoyote: "Mwalimu amesema tukisikia pikipiki tukae hivi."

Niliporudi kwa mwalimu

Nilimfuata mwalimu baada ya vipindi, chini ya mkorosho ulio nyuma ya ofisi. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mratibu," kisha akaendelea kusahihisha madaftari. Nilimwambia nimemkosea: nilipeleka habari za darasa lake mjini kabla ya kumfikia yeye, na barua ile aliandikishwa kwa sababu yangu. Sikutaja upimaji wala halmashauri. Alikaa kimya kwa muda, akasema, "Ungeniuliza tu, mwanangu. Ningekwambia wale watoto hawajui kusoma. Mimi ndiye ninayekaa nao."

Nikamwomba anipe darasa lake kwa wiki moja, vipindi vya kusoma tu, naye akae nyuma. Alikubali.

Siku ya kwanza nilifanya yote niliyoyahubiri. Niliwagawa makundi, nikatoa kazi, nikaanza kuzunguka nikimsikiliza mtoto mmoja mmoja. Dakika 30 zilipokwisha nilikuwa nimewasikiliza saba. Waliobaki 85 walikuwa wamechoka kusubiri, wengine wamelala juu ya dawati, wengine wanagombania kadi. Mwalimu alikuja mbele akaniambia maneno ambayo ndiyo kiini cha kisa hiki: "Umewasikia saba. Mimi nikiwaitikisha nawasikia wote. Najua siwasikii sawasawa, lakini hakuna anayekaa kimya siku nzima."

Nilipiga hesabu usiku ule. Kwa kusikiliza saba kwa kipindi, mtoto mmoja angesikilizwa mara moja katika siku 13 hivi za shule. Kuitikisha hakukuwa uvivu wala ujinga wa mbinu. Lilikuwa jibu la mwalimu kwa umati, na lilikuwa linafanya kazi tatu kwa pamoja: lilishika utulivu, lilimpa kila mtoto nafasi ya kutoa sauti ya Kiswahili, na lilimwezesha mtu mmoja kufundisha watu 92. Mimi nilikuja kulinyang'anya bila kuleta kitu cha kuzibeba kazi hizo tatu.

Tulichokijenga pamoja

Mpango uliofuata ulitoka kwenye mazungumzo yetu watatu, mimi, mwalimu na mwalimu mkuu, ambaye naye nilimwomba radhi. Sehemu kubwa ni mawazo ya mwalimu.

Kuitikia kulibaki. Kulifupishwa kuwa dakika tano za mwanzo, na baada ya darasa zima waliitikia mstari mmoja mmoja wa madawati, kisha wawili wawili, kwa silabi zilizochanganywa ili mtoto asipate wimbo wa kukariri. Katika dakika hizo tano mwalimu aliweza kusikia mstari gani unayumba. Watoto wengi wa pale huchanganya "r" na "l", na kwenye umati wa 92 hilo halikuwa linasikika kabisa.

Badiliko kubwa lilikuwa la ratiba. Saa moja na nusu asubuhi, kwa nusu saa kabla ya kipindi cha kwanza, watoto wa Darasa la Kwanza na la Pili waliunganishwa na kugawanywa kwa ngazi badala ya darasa. Makundi yalikuwa manne: herufi, silabi, maneno, aya. Walimu wanne waliyachukua: mwalimu wa Darasa la Pili, wa Awali, wa Darasa la Nne, na mwalimu mkuu. Tulifikiria kufanya hivyo baada ya masomo, tukaacha. Pale hapakuwa na chakula cha mchana, na mtoto aliyetoka nyumbani na kiporo cha muhogo hana cha kukupa baada ya saa sita.

Mwalimu mkuu alichagua mwenyewe kundi la herufi, kubwa kuliko yote na lenye watoto waliokata tamaa kuliko wote. Angeweza kuchukua kundi la aya. Walimu wengine waliliona hilo, na tangu siku ile sikusikia tena mtu akisema muda hautoshi.

Kuhusu zana, ruzuku ya uendeshaji ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake tu ndiyo iliyofika shuleni. Tulinunua kalamu za wino mzito na manila chache. Kilichobaki kilikuwa vizibo vya soda. Watoto walivikusanya madukani kwa wiki mbili, mwalimu wa Awali akaandika silabi moja ndani ya kila kizibo, vikafungwa kwenye vimfuko vya kitambaa. Mtoto anavimwaga mezani, anapanga "ma" na "ji", anasoma, anavuruga, anapanga tena. Kizibo kina sifa ambayo kadi haina: hakichaniki, na mkono mdogo unapenda kukishika.

Mwisho, daftari la kusoma. Daftari la kawaida la kuandikia, jina la mtoto, tarehe, ngazi. Kila mwalimu alisikiliza watoto sita kwa siku katika kundi lake na kuandika. Niliahidi mambo mawili: daftari lile halitapigwa picha na halitatumwa popote bila mwalimu kukubali, na nikija nitakaa kwenye kundi moja na kusikiliza watoto sita wangu kama mwalimu mwingine yeyote. Fomu ningejaza baadaye, mwalimu akiwa pembeni yangu.

Lipo jambo moja ambalo sikuliandika kwenye taarifa yoyote. Lugha ya kufundishia shule za msingi kama ile ni Kiswahili, na hilo halina utata. Lakini kwenye kundi lake mwalimu wa Awali, Mmwera wa pale pale, alieleza maana ya maneno kwa Kimwera kila alipoona macho ya watoto yamepotea. Mtoto anayesoma neno asilojua maana yake hana njia ya kujua kama amelisoma sawa. Nilimwacha aendelee, na leo ningefanya vivyo hivyo.

Msimu wa korosho

Mpango ulikwenda vizuri Mei na kuanzia Julai hadi Septemba. Oktoba makundi yakaanza kupungua. Yule mvulana wa barazani alikuwa wa kwanza ambaye jina lake nililiona likikosekana wiki nzima.

Nilifika kwao, nikakuta nyumba imefungwa. Jirani alinielekeza shambani. Bibi yake alikuwa ameinama chini ya mikorosho akichambua korosho na mabibo, na mtoto yuko pembeni na ndoo. Nilimwamkia, akanipa kigogo nikae. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nani ataokota kama mtoto yuko shule, maana mgongo wake umekataa na korosho ikilala chini mvua ikainyeshea, daraja linashuka na bei inashuka nayo. Pesa ya sare, ya madaftari, ya kula mpaka ufuta wa mwakani, yote ilikuwa pale chini ya miti. Sikuwa na jibu la kumpa, na sikujifanya ninalo. Nilimwachia mtoto kimfuko cha vizibo nilichokuwa nacho kwenye begi.

Tuliitisha mkutano wa Ushirikiano wa Wazazi na Walimu kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika badala ya shuleni, siku ya kupima korosho, kwa kuwa ndipo wazazi walipokuwa. Ilikubaliwa kwamba watoto wa madarasa ya chini wakae na ndugu wanaobaki kijijini, waendelee na shule. Kwa baadhi ya familia ilifanyika. Kwa wale wasio na mtu wa kubaki, haikufanyika.

Matokeo

Mwishoni mwa Novemba tuliwasikiliza tena watoto wa Darasa la Pili. Safari hii walimu walisikiliza, mimi nikiandika. Waliokuwepo walikuwa 79. Ngazi ya herufi walibaki 7, silabi 19, maneno 27, na 26 walisoma aya au hadithi na kujibu maswali.

Watoto 13 hawakuwepo. Kumi kati yao walikuwa kwenye ngazi mbili za chini mwezi Machi.

Uchambuzi

Niseme kwanza kuhusu takwimu hizo, kwa sababu nimeona takwimu kama hizi zikisomwa kwenye vikao kwa makofi. Ukilinganisha 92 wa Machi na 79 wa Novemba, unalinganisha darasa zima na darasa lililopunguziwa wasomaji wake dhaifu. Maendeleo yalikuwepo na niliyaona kwa macho yangu, lakini ukubwa wake ni mdogo kuliko hesabu inavyoonyesha. Taarifa niliyopeleka halmashauri mwaka ule iliwataja wale 13 kwenye aya ya kwanza.

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kugawa kwa ngazi asubuhi. Kulipunguza umati, ambao ndio ulikuwa tatizo la msingi, bila kungoja mwalimu mpya. Walimu walikuwepo tayari; kilichokosekana ni nusu saa ya pamoja kwenye ratiba, na hiyo iko mikononi mwa mwalimu mkuu. Vizibo na daftari vilisaidia, lakini bila nusu saa ile vingekuwa mapambo, kama zilivyokuwa kadi zangu za mwanzo.

Semina ilishindwa kwa sababu ilijibu swali ambalo halikuwa la walimu. Mimi niliuliza: kwa nini wanaitikisha? Wao walikuwa wanauliza: nitawashikaje hawa 92? Ningeanza kwa kufundisha darasa lile mwenyewe mwezi Februari, semina ile isingefanyika kabisa, na wiki zile tatu za makundi ya maonyesho zisingepotea.

Ripoti ya mapema ndiyo iliyogharimu kuliko yote. Haikuwa kosa kutoa taarifa. Mratibu anawajibika, na kuficha hali ile kungewaumiza watoto. Kosa lilikuwa mpangilio. Taarifa ilipaswa kwenda ikiwa na saini tatu na mpango ndani yake. Ilipokwenda peke yake, ilisomeka kama mashtaka, na halmashauri ikafanya linalofanywa kwa mashtaka. Niliporudi kuomba radhi, sikupata uaminifu wote mara moja. Mpaka Agosti mwalimu wa Darasa la Nne alikuwa bado anafunika daftari lake nikiingia.

Kuhusu korosho, tulichelewa. Msimu haukuwa siri kwa mtu yeyote. Mpango ulioanza Mei ulitakiwa uwe na Oktoba yake ndani: nani anabaki kijijini na watoto wa nani, makundi gani yapewe nguvu zaidi Julai na Agosti, nani anakwenda na vizibo shambani. Tulikaa na wazazi korosho zikiwa tayari ziko chini, na kwa wakati huo bibi yule alikuwa na hoja kuliko mimi.

Mwaka 2024 mkutano wa ghalani tuliufanya Agosti.

Januari ya mwaka huo wa 2024, watoto 11 kati ya wale 13 walikuwa wamerudi. Yule mvulana alikuwa mmoja wao. Alikuja na kimfuko chake kikiwa na vizibo vichache kuliko nilivyompa, na mwalimu alipomsikiliza alimwandika kwenye daftari: silabi, siyo neno. Aliendelea na kundi la asubuhi akiwa Darasa la Tatu. Wawili waliobaki familia zao zilikuwa zimehamia kata nyingine. Nilimpigia mratibu wa huko nikampa majina yao na ngazi zao. Baada ya wiki mbili alinipigia kwamba amempata mmoja, yuko Darasa la Tatu, amekaa dawati la nyuma, na wa pili bado anamtafuta.